Masharti ya Ndege, na Kazi ya Mtu wa Kuyasoma

Watu wengi hufikiri kwamba ndege ikianguka, ama chombo kimevunjika, ama rubani amekosea. Mara nyingi ni kweli. Lakini iko sababu ya tatu isiyosemwa sana, nayo ni hii: kompyuta ya ndege yaweza kufanya sawasawa kile ilichoagizwa, na agizo lenyewe likawa ndilo lenye kosa. Katika makala haya napenda kuwaeleza wenzangu, na ndugu zetu waliotutangulia katika shule hii, jinsi maagizo hayo yaandikwavyo, jinsi yapasavyo kukaguliwa, na jinsi ukaguzi uliopungua ulivyoleta msiba katika Afrika yetu ya Mashariki mwaka 2019.

Sharti ni nini?

Mtu atakaye kujenga nyumba humwambia fundi, "Nataka vyumba vitatu, mlango wa mbele uelekee barabarani, na paa lisivuje." Hayo ndiyo masharti ya nyumba. Waundaji wa ndege nao huanza hivyo hivyo. Kabla ya kukata bati hata moja, huandika ndege itafanya nini, haitafanya nini, na sehemu fulani ikiharibika litokee jambo gani. Katika masharti ya ndege nzima hutoka masharti ya kila mfumo: wa magurudumu, wa mafuta, wa kuongoza ndege hewani. Na katika masharti ya mfumo hutoka masharti ya kompyuta, ya programu yake, na ya vifaa vya umeme vilivyomo ndani yake. Ni kama mti wenye shina moja na matawi mengi, na kila jani lazima lionekane limeota kwenye tawi gani. Jani lisilo na tawi ni jambo lililoingizwa na mtu bila kuulizwa. Tawi lisilo na jani ni jambo lililosahauliwa.

Sharti lililoandikwa vibaya hudanganya kwa urahisi. Tuseme kiranja anaandika hivi: "Tangi la maji likikaribia kujaa, pampu izimwe mapema." Sentensi hii ni Kiswahili safi, lakini haifai kitu. Kukaribia ni kiasi gani? Mapema ni lini? Nani azime? Na boya linaloonyesha kimo cha maji likikwama, je? Afadhali aandike, "Maji yakifika alama nyekundu, mtu wa zamu azime pampu kabla ya dakika moja kupita, na boya likikwama, pampu isiwashwe mpaka limetengenezwa." Sharti hili laweza kupimwa. Siku yo yote twaweza kusimama na saa mkononi tukajua kama limetimizwa au halikutimizwa. Tena limetaja itakuwaje kifaa kikiharibika, na hapo ndipo penye uzito wote wa kazi hii.

Madaraja ya hatari

Katika ndege, kila kosa linaloweza kutokea hupewa daraja kwa kadiri ya madhara yake. Madaraja ni matano: lisilodhuru, dhara dogo, dhara kubwa, hatari, na maangamizi. Kwa ndege kubwa za abiria, kosa la dhara kubwa halitarajiwi kutokea zaidi ya mara moja katika saa 100,000 za kuruka. Kosa la hatari, mara moja katika saa 10,000,000. Kosa la maangamizi, yaani la kuangusha ndege na kuua watu, mara moja katika saa 1,000,000,000. Ukizigawanya saa hizo za mwisho utaona ni zaidi ya miaka 114,000 ya kuruka usiku na mchana bila kutua.

Daraja si jina tu. Ndilo linaloamua kazi ifanywe kwa ukali gani. Vipo vitabu vya mwongozo wanavyovifuata wahandisi wa dunia nzima: ARP4754 kwa mifumo, DO-178C kwa programu za kompyuta, na DO-254 kwa vifaa vya umeme. Programu ya daraja la juu hukaguliwa mstari kwa mstari, na kazi nyingi za ukaguzi lazima zifanywe na mtu asiyekuwa mwandishi wake. Tena iko sheria moja kubwa: kosa la kifaa kimoja peke yake lisiweze kuleta maangamizi. Basi mtu akikosea mwanzoni, akaliita jambo la maangamizi "dhara kubwa", milango yote inayofuata hufunguka bila kugongwa.

Mizani moja na mizani mbili

Sheria hiyo ya kifaa kimoja twaijua hata sisi wa huku milimani. Mkulima wa kahawa wa Bwera aliye na busara hupima gunia lake nyumbani kabla ya kulipeleka kwa mnunuzi. Mizani ya nyumbani ikisema kilo 60, na ya mnunuzi ikisema kilo 52, bado hajui ipi isemayo uongo. Lakini ajua jambo moja la maana, kwamba asipokee fedha mpaka jambo limechunguzwa. Akiwa na mizani ya tatu, naye akaona mbili zapatana, basi ajua na mwongo ni nani. Lakini mwenye mizani moja tu hana la kufanya ila kuamini.

Ndivyo ilivyo kwa vipimo vya ndege. Kifaa kimoja hudanganya na hakuna ajuaye. Vifaa viwili hugombana, na mgomvi huo huwa onyo. Vifaa vitatu hupiga kura. Shikeni mfano huu, maana tutaurudia.

Programu iliyotii

Mwaka 2011 kampuni ya Boeing ya Marekani iliamua kuipa ndege yake ya 737 injini mpya zenye kula mafuta kidogo. Ndege hiyo ikaitwa 737 MAX. Injini zake zilikuwa kubwa kuliko za kwanza, zikafungwa mbele zaidi na juu zaidi. Kwa hiyo katika hali fulani za kuruka, pua ya ndege ikiinuka sana, ilielekea kuinuka zaidi. Ndege ambayo pua yake imeinuka kupita kiasi hupoteza nguvu ya mabawa na kuanza kuanguka. Basi wahandisi wakatunga programu iitwayo MCAS, ambayo kazi yake ilikuwa kulisogeza bawa la mkia ili pua ishushwe.

Masharti ya kwanza ya programu hiyo yalikuwa na kiasi. Ingefanya kazi katika mwendo wa kasi tu. Ingehitaji dalili mbili zipatane: pembe ya ndege katika upepo, na uzito unaoikandamiza ndege inapogeuka kwa nguvu. Tena isingelisogeza bawa la mkia zaidi ya digrii 0.6.

Kisha majaribio ya hewani yakaonyesha kwamba ndege yahitaji msaada huo hata ikiwa katika mwendo wa polepole. Mwaka 2016 masharti yakabadilishwa. Digrii 0.6 zikawa 2.5. Dalili ya pili ikaondolewa. Ikabaki pembe peke yake, nayo hupimwa na kibawa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa pua, kinachogeuzwa na upepo. Ndege ilikuwa na vibawa viwili, kushoto na kulia, lakini katika kila safari programu ilisikiliza kimoja tu. Yaani ilipima kahawa kwa mizani moja, na mizani ya pili imewekwa pale pale mezani. Tena rubani akiiinua pua, programu ilingoja sekunde 5, kisha iliweza kuishusha upya, na upya tena. Wala kazi ya MCAS haikuelezwa katika kitabu walichopewa marubani.

Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ya shirika la Lion Air iliondoka Jakarta, Indonesia. Kipima-pembe chake cha kushoto kilikosea kwa digrii zipatazo 21. Programu ikaamini. Marubani waliipandisha pua zaidi ya mara 20, na kila mara ikashushwa. Ndege ikaangukia baharini, wakafa watu 189. Siku moja kabla yake, ndege hiyo hiyo ilikuwa imefanya vivyo hivyo na marubani wengine, lakini rubani wa tatu aliyekuwa akisafiri nao aliwasaidia, wakaukata umeme wa bawa la mkia, wakafika salama.

Miezi minne na siku kadhaa baadaye ikawa zamu yetu. Tarehe 10 Machi 2019, saa 2 na dakika 38 asubuhi, ndege namba 302 ya shirika la Ethiopian Airlines iliondoka kiwanja cha Bole, Addis Ababa, kwenda Nairobi. Mara baada ya kuruka, kipima-pembe cha kushoto kikasema digrii zipatazo 75, hali cha kulia kilisema 15. Hata mtoto angejua kwamba ndege ya abiria haisimami hivyo. Programu haikuuliza. Ikaishusha pua. Marubani wakaukata umeme kama walivyoelekezwa baada ya ajali ya Lion Air, wakajaribu kuzungusha gurudumu la mkono, lakini kwa ule mwendo mkali halikuzunguka. Walipourudisha umeme, programu ikashusha pua tena. Baada ya dakika 6 ndege ilijichimbia shambani karibu na mji wa Bishoftu. Wote 157 walikufa.

Wakenya walikuwa 32. Na kutoka kwetu Uganda alikuwamo Christine Alalo, kamishna wa polisi, aliyekuwa akitumikia jeshi la amani la Umoja wa Afrika nchini Somalia. Alikuwa amezoea kazi ya hatari, akafia katika kiti cha abiria.

Angalieni jambo hili vizuri. Kibawa kiliharibika, ni kweli, na vibawa huharibika. Lakini programu haikuharibika. Kompyuta haikuasi, ilitii. Ilifanya yote iliyoandikiwa, mpaka mwisho.

Maswali ya mkaguzi

Basi mtu aliyepewa masharti ayakague afanye nini? Kazi yake ni kuuliza, na maswali yake yanajulikana.

La kwanza: kifaa hiki kikisema uongo, itakuwaje? Swali hili liliulizwa. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Boeing aliandika kuwauliza wenzake kama ndege imo hatarini kwa kosa la kipima-pembe kimoja katika MCAS, au kama kuna namna ya kuhakikisha. Lakini programu ikaenda hewani ikisikiliza kipima kimoja. Kuuliza hakutoshi kama hakuna mtu aliyepewa wajibu wa kujibu, na kama kazi haisimami mpaka jibu limepatikana.

La pili: sharti hili linamtegemea mtu afanye nini, na kwa muda gani? Wakadiriaji walihesabu kwamba rubani atalitambua kosa na kulizuia kwa sekunde chache, kama 4 hivi. Lakini mwaka 2012, katika chombo cha kuigiza urukaji, rubani wa majaribio wa Boeing mwenyewe alikawia zaidi ya sekunde 10, akaona kwamba matokeo yake ni ya maangamizi. Naye alikuwa mtu wa kazi hiyo, tena hakuwa na kengele za onyo zikimlilia masikioni wala ardhi ikimkaribia. Kila mara sharti linaposema "rubani atafanya", mkaguzi aandike pembeni: nani amelijaribu jambo hili, na rubani wa namna gani?

La tatu: sharti likibadilishwa, je, hesabu zilizotegemea sharti la zamani zimefanywa upya? Hapa ndipo ufa ulipokuwa mkubwa. Programu ya digrii 0.6 yenye dalili mbili, na programu ya digrii 2.5 yenye dalili moja, ni vitu viwili mbalimbali vyenye jina moja. Jina likawalaza watu. Mwezi Oktoba 2019 baraza la wataalamu wa usalama wa ndege kutoka nchi nyingi lilitoa taarifa, ikaonyesha kwamba MCAS haikuwahi kutazamwa kama kazi moja kamili katika karatasi zilizopelekwa kwa wakaguzi wa serikali ya Marekani. Kila mmoja aliona tawi lake, na mti haukuonwa na mtu.

La nne: je, kilichotengenezwa ndicho kilichoandikwa? Masharti yalitaka kila ndege ya MAX iwe na onyo la kumwambia rubani kwamba vipima-pembe viwili havipatani. Lakini programu ilitengenezwa hivi kwamba onyo hilo lilionekana tu katika ndege zilizonunuliwa pamoja na kipimo cha ziada cha kuonyesha pembe. Boeing iligundua kosa hilo mwaka 2017, ikapanga kulisahihisha miaka mitatu baadaye. Kumbe mizani mbili zilikuwa zikigombana, na mwenye gunia haambiwi.

La tano: mkaguzi ni nani? Serikali ya Marekani ilikuwa imewapa wafanyakazi wa kampuni yenyewe mamlaka ya kukagua mambo mengi kwa niaba yake. Sisemi kwamba mfanyakazi hawezi kuwa mwaminifu. Lakini mtu anayelipwa na mwenye haraka ana mzigo ambao mgeni hana. Sisi sote twajua kwamba insha yako mwenyewe, hata ukiisoma mara tatu, haikuonyeshi kosa ambalo mwenzako ataliona mara moja.

Yaliyobadilishwa

Ethiopia na China zilizizuia ndege hizo tarehe 11 Machi 2019, na Marekani tarehe 13. Zilikaa chini muda wa miezi 20, mpaka tarehe 18 Novemba 2020 Marekani ilipotoa ruhusa zirudi hewani. Masharti mapya ya MCAS mtaona ni mafupi, na kila moja ni jibu la swali lililokuwa limeachwa. Programu lazima isikilize vipima-pembe vyote viwili. Vikitofautiana kwa digrii 5.5 au zaidi, programu hujizima kwa safari yote. Haiwezi kuishusha pua tena na tena kwa sababu moja. Haiwezi kuwa na nguvu kuliko mikono ya rubani. Onyo la kutopatana limewekwa katika kila ndege, na marubani hufundishwa habari hizi katika chombo cha kuigiza.

Ukiyasoma masharti hayo utashangaa. Hakuna hata moja linalohitaji akili isiyokuwapo mwaka 2016. Yote yangeweza kuandikwa kwa kalamu ya risasi, katika ukurasa mmoja, kabla ya mtu ye yote kufa.

Yatuhusu nini?

Labda msomaji wa Kasese atasema, "Ndege huundwa mbali, sisi huziona zikipita juu ya Ruwenzori." Lakini ndugu zetu wengi waliomaliza hapa husafiri kutoka Entebbe kwenda masomoni na kazini ng'ambo, na wengi wao hupita Bole. Tunapowaaga twamwomba Mungu awalinde, nasi twafanya vema. Lakini yafaa tujue pia kwamba mahali fulani yuko mtu aliyekaa mezani na karatasi mbele yake, na kama hakuisoma kwa makini, ameiacha sehemu yake ya ulinzi.

Tena kazi hii haikomi kwenye ndege. Pampu ya dawa katika hospitali, breki za gari moshi, milango ya bwawa la umeme mtoni: vyote siku hizi huendeshwa na kompyuta zilizoandikiwa masharti. Baadhi ya wanafunzi wa madarasa yetu watapewa karatasi hizo waziandike au wazikague. Kwa hiyo anayependa uhandisi asidharau somo la lugha. Hesabu na fizikia zitamwonyesha bawa lasukumwa kwa nguvu gani, lakini neno "mapema" lililoachwa bila kipimo litaonwa na msomaji mwangalifu tu.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya ndege hakuna ukuta wa kujenga upya. Basi tujizoeze tangu sasa, katika maabara na hata katika insha zetu. Mwenzako akikuuliza, "Na kifaa hiki kikidanganya, je?" usimcheke wala usimwambie anachelewesha kazi. Weka kalamu chini, umjibu kwanza.